UZI: Dosa, Batan, Gachan, Don... Wajapani wana vishindo vingapi? Nisaidieni kutafsiri ukurasa mmoja tu

#1 MzeeWaKurasa

Wakuu, habari za jioni.

Nina mdogo wangu yuko darasa la sita, ugonjwa wake ni manga, zile katuni za Kijapani. Kiingereza hakijamkaa sawasawa, Kijapani ndo kabisa. Basi mimi kaka mtu nimejikuta mfasiri bila barua ya ajira: nafuta maandishi kwenye vile viputo vya maongezi, naandika Kiswahili, nampa asome. Maongezi hayanisumbui sana, Kijapani nimejifunza kidogokidogo mwaka wa tatu huu. Kinachonitoa jasho ni yale maherufi makubwa yaliyochorwa nje ya viputo, yanayokatiza picha kutoka kona mpaka kona. Vishindo.

Juzi nilichoka, nikaandika "BUUM!" kila mahali. Dogo akasoma kurasa nne, akanirudishia simu: "Kaka, mbona gunia, mlango na jitu vyote vinalia sawa?"

Sikuwa na la kumjibu. Kweli vinalia sawa, na kosa ni langu.

Ukurasa ulionishinda uko hivi. Mzee anatua gunia la mchele barazani: ドサッ, dosa, na mwishoni sauti inakatwa. Upepo unapiga mlango: バタン, batan. Ndani bakuli linaanguka rafuni: ガチャン, gachan. Halafu picha tupu, usiku, hakuna mtu, na pembeni wameandika シーン, shiin. Halafu miguu inakuja kwa mbali: ズシン, ズシン, zushin, zushin. Ukifungua upande wa pili, jitu limejaa kurasa mbili nzima, na neno moja tu kubwa kuliko jitu lenyewe: ドン!! Don.

Sita hizo. Nani ananipa Kiswahili chake?

#2 Mtukutu_Mstaarabu

Kishindo cha kwanza, kishindo cha pili, mpaka cha sita. Kazi imeisha, nitumie vocha.

#3 BintiKobe

Mkuu @MzeeWaKurasa, hapo umegusa penyewe. Mimi nipo Kobe mwaka wa nne, nasomea uuguzi, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa naona haya maneno ni ya watoto. Nilikuja kushtuka siku nimeumwa kichwa, nimeenda zahanati, daktari mtu mzima na miwani yake ananiuliza kwa utulivu kabisa: kinafanya gangan au zukizuki? Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo lugha ya kazi. Gangan ni kama mtu anagonga chuma ndani ya fuvu. Zukizuki kinapwita, kinafuata mapigo ya moyo. Chikuchiku ni vijisindano. Sasa hivi ukiniambia tu "kichwa kinauma" naona hujaniambia kitu.

Turudi kwenye vishindo. Usikariri moja moja, utazeeka. Kuna kamusi yao ya mwaka 2007 ya maneno ya aina hii tu, ina 4500. Wewe angalia vimejengwaje.

Cha kwanza, vile vistari viwili vidogo kwenye bega la herufi, vinaitwa dakuten. ト ni "to", ukiiwekea vistari inakuwa ド, "do". カ "ka" inakuwa ガ "ga". サ "sa" inakuwa ザ "za". Na sauti ikishawekewa vistari inanenepa. Ukigonga mlango wa mwenye nyumba kwa adabu ni tonton. Anayekuja kudai kodi anagonga dondon. Kokoto ikibingirika ni korokoro, jiwe kubwa ni gorogoro, na radi inayonguruma nayo ni gorogoro. Ukijigonga kidogo kwenye meza ni kotsun. Ukiinuka chini ya kabati na kichwa kikakutana na ubao, gotsun. Maana haijabadilika, kimebadilika uzito.

Mstari wa "ha" wenyewe una ngazi ya ziada: ukiweka vistari unapata "ba", ukiweka kiduara unapata "pa". Pan ni puto kupasuka au makofi, mlipuko mkavu usio na kilo. Ban ni mtu amepiga meza kwa kiganja amekasirika, au bunduki. Kifuniko kidogo kikijifunga ni patan. Mlango wako wa upepo ni batan.

Cha pili, angalia mkia. Ukiishia na "n", kishindo kimeacha mvumo nyuma yake: don, gon, batan. Ukiishia na ile ッ ndogo, kimekatwa, hakuna mwangwi. Ndiyo maana gunia lako ni dosa na siyo dosun. Mchele umekaa, umetulia, haujadunda. Angelidondosha jiwe la uzito uleule ingekuwa dosun. Kile kistari kirefu ー kinavuta: gōn ni kengele ya hekalu, ile wanayoipiga mara 108 usiku wa kuamkia mwaka mpya, na ukiwa karibu inakuingia mpaka kwenye meno. Ukirudia neno mara mbili, tukio lenyewe linajirudia.

Cha tatu, herufi ya mbele inakupa tabia ya kitu. D ni uzito butu. G ni ugumu: chuma, mfupa, kioo, vyombo. B ni kitu bapa au kinachopasuka kikasambaa. Z ni uzito unaousikia kwa nyayo kabla ya masikio. Siyo sheria ya bunge, ila ukiishika hii utasoma ukurasa wowote bila kamusi.

Kwa hiyo jitu lako linalokuja zushin, zushin, hujalisikia bado. Ardhi ndiyo imekwambia.

#4 fundi_gereji77

Daah. Dada nimekusoma mara mbili.

Mimi ni fundi, magari yangu asilimia kubwa ni hayohayo ya Wajapani yaliyokwishatumika. Nikwambie ukweli, wateja wangu wote wanaongea hiyo lugha na hawajui. Mtu haji kusema bushi zimekufa. Anakuja: "Fundi, nikipita kwenye tuta linafanya ngo! ngo! upande wa kushoto." Akisema ngo-ngo najua bushi. Akisema kacha-kacha akikata kona, hapo naenda kwenye ekseli. Akisema "linafanya duu halafu linanyamaza" namwambia liache hapahapa usiondoke nalo. Wapo wanaokuja wamelirekodi kwenye simu, lakini mteja anayejua kuiga vizuri kwa mdomo ni bora kuliko simu.

Sasa huko kwao wenyewe wanaambiaje gereji?

#5 BintiKobe

Hahaa fundi, vilevile. Kotokoto ni kugonga kwepesi, kama kifuniko cha sufuria kinachochemka. Kikinenepa ni gotogoto, ndiyo ngo-ngo yako. Karakara ni kitu kikavu kinachezacheza ndani, garagara ndiyo hichohicho kikubwa. Gatagata gari zima linatetemeka kama kitanda cha hosteli.

#6 Kalamu ya Voi

Hamjambo nyote. Nafundisha Kiswahili shule ya upili hapa Kenya, na uzi huu umenifurahisha na kuniudhi kwa mpigo.

Kuniudhi, kwa sababu Mzee wa Kurasa anakuja kuomba Kiswahili kana kwamba hatuna. Ndugu yangu, tanakali za sauti tunazitahini kila mwaka! Mwanafunzi wangu yeyote atakwambia: anguka majini chubwi, matopeni bwata, mchangani tifu, sakafuni pa. Mzigo mzito ukitupwa, puu. Kijiti kikivunjika, kacha. Watu wakinyamaza, jii. Tena tuna methali iliyojengwa kwa milio karibu yote: chururu si ndo! ndo! ndo! Umesikia maji yote mawili, yanayomiminika na yanayodondoka, bila neno "maji" kutajwa.

Na lililo kubwa zaidi: istilahi ambayo wataalamu wa lugha ulimwenguni wanaitumia kwa maneno haya, aidiofoni, iliingizwa mwaka 1935 na Clement Doke alipokuwa akipanga istilahi za sarufi ya lugha za Kibantu. Si Kijapani kilichompa hitaji hilo. Ni lugha zetu. Leo mtafiti akichambua "dosun" ya Tokyo anaazima neno lililozaliwa kwa ajili ya ndugu zake "puu".

Kunifurahisha ni hiyo dakuten. Nimeisoma nikaona ngeli! Mtu ukimkuza ni jitu, kisu ni jisu, mlango mkubwa ni lango, mdogo ni kilango. Sisi uzito tunaupachika kwenye nomino, wao wanaupachika kwenye mlio. "Don" ni "ton" iliyotiwa ji-.

#7 Mtukutu_Mstaarabu

Mwalimu umenirudisha darasani, nimeanza kutafuta kipande cha chaki kitakachonipiga.

#8 MzeeWaKurasa

Mwalimu shikamoo, nimekubali makosa.

Ila orodha yako imeniamsha. Chubwi, bwata, tifu, pa: zote zinaniambia kimeanguka WAPI. Kilichoanguka hakijulikani, kinaweza kuwa embe au ng'ombe. Za dada wa Kobe zinaniambia kimeanguka NINI, kizito kiasi gani, kigumu au laini, halafu wapi haituhusu. Nimekosea? Maana kama ndivyo, basi tafsiri ya neno kwa neno haipo. Kwanza nitazame picha sakafu ni ya nini.

#9 BintiKobe

Umekosea nusu. Na wao maji wanayajua. Jiwe dogo kisimani ni pochan. Mtu mzima akijirusha bwawani ni dobon. Wimbi au mwili mkubwa ukipasua maji ni zabun. Matope yana bechatto. Kwa hiyo mahali pamo. Ila ona, maji yaleyale wameyagawa tena kwa uzito. Chubwi moja ya mwalimu, huku inatoka tatu na zaidi.

#10 Kalamu ya Voi

Marahaba, Mzee wa Kurasa. Na BintiKobe, nami nitakugawia chubwi. Tunasema chubwi, tunasema chubwii, na msimulizi hodari akitaka kuzamisha kiboko ataikokota mpaka hadhira imwone akishuka. Uzito wetu umo kooni mwa msimulizi, haumo katika tahajia. Ndipo penye shida ya ndugu huyu: wao wamekwisha kuandika kile ambacho sisi bado tunakitenda kwa sauti.

#11 MzeeWaKurasa

Hii post #10 naomba moderata aibandike juu.

#12 Pwani_Raha

Mie si msomaji wa vikaragosi, nimepita tu, lakini kwenye vishindo mnikaribishe. Nimekulia bahari, na huku kwetu baruti ya samaki tumeijua kabla ya kujua kusoma, Mungu atusamehe. Sikilizeni hili. Ukiwa ndani ya ngalawa mtu akalipua mbali, unasikia "buu" nzito, ya uvivu, inafika imechoka. Lakini ukiwa umezama, kichwa chini ya maji, bomu lilelile linakuja "tk!" kavu, kama mtu amegonganisha mawe mawili nyuma ya sikio lako. Tena linafika mwanzo, maana sauti ndani ya maji inakwenda kasi mara nne na ushei kuliko hewani. Bomu moja, majina mawili, kutegemea uko wapi.

Sasa nauliza, Wajapani wanalo hilo? La kwamba anayesikia yuko wapi?

#13 Msafiri wa Kilindini

Wanalo, @Pwani_Raha, na ni neno ambalo hawalitanii.

Pika ni mwanga unaomweka ghafla. Don mmeshaijua. Ukiyaunganisha ni pikadon, na hilo ndilo jina ambalo watu wa Hiroshima walilipa lile bomu la 6 Agosti 1945, saa 2 na dakika 15 asubuhi. Wakati ule hawakujua ni silaha gani. Waliliita kwa kile walichokipata: mwanga, kisha kishindo.

Lakini wengi wa wale waliokuwa karibu na kitovu na wakanusurika, kumbukumbu yao ni ya mwanga tu. Mlio hawaukumbuki. Wao walisema pika, basi. Waliokuwa mbali, nje ya mji, ndio waliopata muda wa kuona kwanza na kusikia baadaye, kwa sababu sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde: ukiwa kilomita 10 una karibu nusu dakika kati ya pika na don. Mtu akikusimulia kwa neno gani, umeshajua alisimama wapi asubuhi ile.

Nilipelekwa Hiroshima na ratiba ya mafunzo, siku moja tu. Aliyetuongoza alilitamka polepole, kama maneno mawili. Pika. Akanyamaza. Don.

#14 Pwani_Raha

Ahsante. Nimeelewa. Inna lillahi.

#15 BintiKobe

Na hapa Kobe don ina kumbukumbu yake. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko lililoua zaidi ya watu 6400. Kwa matetemeko ya kawaida wana gatagata, vyombo kabatini vinagongana, na guragura, nyumba inayumba. Yale ya mbali yanayopepesua ghorofa taratibu ni yusayusa. Bibi mwenye nyumba wangu ukimuuliza ya alfajiri ile hasemi hata moja kati ya hayo. Anasema don, na anaonyesha kwa ngumi kutoka chini kwenda juu. Kama kuna mtu chini ya sakafu amepiga mara moja, futoni, lile godoro la kulalia sakafuni, ikaruka naye. Gatagata ikafuata.

Mimi tangu nimsikie, lori likipita chini ya dirisha usiku huwa nasubiri kwanza kuona kama kuna la pili.

#16 Ngoma_Droo

Nimesoma yote bila kuchangia nikaona haitakuwa haki.

Mkuu @MzeeWaKurasa unahangaika na vishindo wakati wapiga ngoma walishamaliza. Kuna Wajapani walikuja kwenye tamasha nikapata kukaa nao mazoezini, wale wa ngoma kubwa za taiko. Mwalimu wao hafundishi kwa karatasi. Anafundisha kwa mdomo: don, ukipiga katikati ya ngozi kwa nguvu. Doko, mikono miwili inafuatana. Ka, ukingo wa mbao. Wimbo mzima unaimbwa don-doko-don-ka kabla hujashika fimbo, wanaita kuchi shōga. Nikacheka, kwa sababu na mimi nilifundishwa vilevile na mjomba, "ndu, ndu, ka-ta", nikikosea ananiambia nitamke kwanza mpaka mdomo uache kukosea ndipo mkono uje.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Jitu lako ni vumi, siyo chapuo. Chapuo ni kangoma kadogo, kanasema ta-ta. Vumi ndiyo inayosema ndu. Andika NDU.

#17 fundi_gereji77

Ngoma_Droo kaongea. NDU hiyo ni gari bovu kabisa, naisikia hapa nilipo.

#18 BintiKobe

Naiunga mkono ndu. Na kuhusu ile don ya mwisho nina la kusema. Kwenye kurasa kama ile mara nyingi don haina mlio wowote. Hakuna kilichoanguka. Jitu limesimama tu. Don pale inasema: hapa pana uzito, tazama. Shujaa akiingia, don. Siri ikifichuka, don. Hata sinia la chakula likiletwa mezani na ni kubwa kupita kiasi, linawekwa don. Ni mlio wa kitu kuwepo.

Halafu neno lenyewe limezurura nje ya vitabu. Watoto wakipanga mstari kukimbia, mwalimu anasema "yōi... don!" na mbio zimeanza. Hiyo don ni ya bastola ya kuanzishia, hata kama bastola haipo. Nyundo kwa lugha ya kawaida wanaiita tonkachi: ton, kachi, milio miwili ikawa chombo. Majambazi wakirushiana risasi ni donpachi. Na vijana wa siku hizi kila sentensi wanasema gachi, maana yake "kweli kabisa". Imetoka kwenye gachinko, neno la wanamieleka wa sumo kwa pambano ambalo matokeo yake hayakupangwa, kwa ajili ya ule mlio, gachin, wa miili miwili ikigongana.

Tokyo nayo ilikuwa na mzinga uliopigwa saa 6 mchana, kuanzia 1871 mpaka 1929 walipohamia king'ora. Watu waliuita Don, hivyohivyo. Don imelia, twende tukale.

#19 Pwani_Raha

Kama mzinga wa kufuturu. Mwanangu yuko Dubai, anasema wanapiga mpaka leo mwezi mtukufu ukiingia.

#20 Kalamu ya Voi

Kuhusu milio kuwa majina: pikipiki, tingatinga. Wazee wengine pikipiki waliiita tukutuku. Hatukushindwa na tonkachi.

#21 Mtukutu_Mstaarabu

Wataalamu mmesahau kabedon. Kabe ni ukuta. Jamaa anamsogeza binti mpaka ukutani, anapiga ukuta kwa kiganja pembeni ya uso wake, DON, anamwangalia machoni, binti anayeyuka. Mwaka 2014 lilikuwa kwenye maneno kumi bora ya mwaka huko kwao.

Nimejaribu kwa mke wangu jana. Ukuta wetu wa nyuma ni wa bati. Haikutoka don. Ilitoka kitu kama gari la taka limepinduka, kuku wakaruka, jirani akauliza kuna nini.

#22 BintiKobe

Mamaaa 😂😂 Bati ni gashan, kaka, siyo don. Umepiga G badala ya D.

Na ujue kabla ya mapenzi kabedon ilikuwa ya ugomvi: kwenye vyumba vya kupanga vyenye kuta nyembamba, jirani akipiga kelele unagonga ukuta anyamaze. Kwa hiyo jirani yako amekuelewa kwa maana ya zamani.

#23 fundi_gereji77

"Kuku wakaruka" 🤣 nimeacha spana chini. Sakafuni, pa!

#24 MzeeWaKurasa

Wakuu, nimerudi. Nimekaa na ukurasa jana usiku mpaka saa 7, matokeo haya hapa, mnipige mawe.

Gunia la mchele: PU! Fupi, u moja. Mwalimu alitoa "puu" lakini gunia halijadunda wala kuvuma, kwa hiyo mkia nimeukata, ndiyo ile ッ ndogo ya dada. Tifu niliitamani sana ila baraza ni ya mbao, vumbi hakuna.

Mlango: BAMU! Hii nimeitunga. Dogo anajua kubamiza mlango, anabamiza kila siku, nimeona itamwingia bila maelezo. "M" imesimama badala ya "n" yao ya mvumo.

Bakuli: hapa nililala njaa. Kacha ni ya kijiti, haina vipande. Gachan ina mgongano halafu vipande vinatapakaa. Nimeandika KACHA kubwa, halafu chini yake "rarararaa" inayopungua ukubwa mpaka ukingo wa picha. Siyo Kiswahili cha kamusi.

Kimya: JII. Hii ilikuwa ya bure. Nilipoiandika nikaelewa kwa nini wameiweka katikati. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mchoraji anajua, maana kinachofuata ni mguu.

Miguu: NDU... NDU... Herufi nimeziandika chini kabisa, zimelalia ardhi, ya pili kubwa kuliko ya kwanza.

Na kurasa mbili za jitu. Nilijaribu NDUUU, nikajaribu TUU, nikajaribu "HILO HAPO!" Zote zinaharibu. Mwisho nimeiacha ドン ya Kijapani ilivyochorwa, sikugusa. Kama haina mlio, sina cha kutafsiri. Pembeni nimeandika kidogo sana "(don)".

#25 Kalamu ya Voi

BAMU sina hakika nayo. Nimeitamka mara kadhaa chumbani, mke wangu akauliza kama niko sawa. KACHA-rararaa naichukua, nitaipeleka darasani Jumatatu bila kutaja ilikotoka.

Kuiacha don, hapo sikubaliani nawe. Mtoto atasoma nini?

#26 MzeeWaKurasa

Mwalimu, ilikuwa hofu yangu pia. Nikampa, nikajifanya naangalia mpira.

Gunia, akapita. Mlango, akacheka. Bakuli, akainua macho kumtazama mama jikoni. Kwenye JII akapunguza sauti ya runinga mwenyewe, sijamwambia. NDU ya kwanza, NDU ya pili. Akafungua jitu. Akakaa nalo dakika nzima hivi, halafu akaweka kidole juu ya vile vistari viwili vya ド, akauliza, "Hivi ni vya nini?"

Nikamwambia ni vya kunenepesha.

Akasema "aaa". Akaendelea. Sasa hivi ameshafika sura inayofuata, jitu linavuka bonde la mpunga, mvua imenyesha, matope mpaka magotini, na kanikabidhi simu: "Kaka, hapa linaliaje?"

Bwata imekuwa ndogo, wakuu. Nipeni kitu.

#27 Kalamu ya Voi

Jibwata.